Bom Dia & Cia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu asubuhi za katuni Brazil

Mbrazili yeyote aliyekua miaka ya 1990 au 2000 ana kipindi chake cha asubuhi. Wa rika moja atakutajia Xuxa, mtangazaji nyota wa kituo cha Globo, wa rika jingine TV Globinho, kipindi cha katuni cha kituo hichohicho. Kuna kimoja, hata hivyo, ambacho dada mkubwa, mdogo wake na hata mtoto wa dada wamekitazama kwa zamu zao: Bom Dia & Cia. Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu huuliza wakianza kukifuatilia, na mengine ambayo nadhani wangepaswa kuuliza.

Kilikuwa kipindi cha aina gani?

Kilikuwa kipindi cha watoto cha kituo cha SBT, kikirushwa asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Kilianza tarehe 2 Agosti 1993 na mbio zake ndefu zikaishia tarehe 1 Aprili 2022. Jina lenyewe ni salamu ya asubuhi kwako na kwa wenzako. Mtangazaji alikaa studio yenye rangi za kung'aa, akasalimia, akaongea na watoto, akaendesha mchezo mmoja au miwili, kisha katuni zikafuatana hadi mchana.

Maelezo hayo yanafaa kwa karibu miaka 29 yote, lakini yanaficha jambo moja. Kipindi kilibadilika sana ndani ya jina lilelile. Aliyekitazama mwaka 1994 anakumbuka dada mwenye nywele za dhahabu akifundisha kazi za mikono. Aliyekitazama mwaka 2007 anakumbuka watoto wawili, simu na gurudumu la zawadi. Wakikutana na kubishana ni kipi kilichokuwa Bom Dia & Cia cha kweli, wote wawili wanasema kweli.

SBT ni kituo gani, na kwa nini kiliwekeza kwa watoto?

SBT ni kituo kilichoanzishwa na Silvio Santos tarehe 19 Agosti 1981. Jina lake halisi lilikuwa Senor Abravanel. Alianza maisha ya kazi akiwa kijana machinga katika mitaa ya Rio de Janeiro, akauza sauti yake redioni, akawa mtangazaji wa Jumapili aliyependwa nchi nzima, na mwishowe akamiliki kituo. Alifariki tarehe 17 Agosti 2024.

SBT ilizaliwa kutokana na kifo cha kituo kingine. TV Tupi, televisheni ya kwanza ya Brazil, ilikuwa hewani tangu Septemba 1950, na mwaka 1980 serikali iliifungia. Masafa yake yakagawiwa upya, na sehemu ikamwangukia Silvio Santos. Mshindani wake alikuwa Globo, kituo kilichokuwa hewani tangu 1965 na chenye tamthilia na taarifa za habari ambazo hakuna aliyeweza kuzifikia. Kushindana na Globo usiku kulihitaji fedha za kutisha. Asubuhi ilikuwa hadithi nyingine. Katuni hununuliwa zikiwa tayari, huweza kurudiwa mara nyingi, na mtoto hachoki kuona kile alichokipenda. Kwa kituo cha pili kinachotafuta watazamaji kwa gharama ndogo, watoto walikuwa chaguo la akili. Naamini pia kwamba Silvio Santos, mtu aliyejifunza biashara barabarani, alielewa mapema kuliko wengi kwamba mtoto ndiye anayewasha televisheni ya nyumba nzima.

Mbona katuni zilionyeshwa asubuhi ya siku za kazi? Watoto hawakuwa shuleni?

Nusu yao walikuwa shuleni. Shule nyingi za Brazil huendeshwa kwa zamu: kundi moja husoma asubuhi, jingine mchana. Kwa hiyo kila siku ya kazi, mamilioni ya watoto wa zamu ya mchana walikuwa nyumbani asubuhi, mara nyingi wakiwa na bibi, na dada mkubwa au peke yao, wazazi wakiwa kazini. Walikula, wakavaa sare na kuondoka baada ya saa sita.

Bila kujua hili huwezi kuelewa historia yote inayofuata. Kipindi cha asubuhi kilikuwa ratiba ya nyumba. Mtoto alijua katuni fulani ikiisha ni wakati wa kuoga, na nyingine ikianza ni wakati wa kula. Mzazi aliyekuwa kazini alijua pia.

Kabla ya 1993 watoto wa Brazil walikuwa wakitazama nini?

Walikuwa na mengi. Mwaka 1972 Globo na TV Cultura ya São Paulo walishirikiana kutengeneza Vila Sésamo, toleo la Kibrazili la kipindi cha Kimarekani cha Sesame Street. Kisha akaja Bozo, mchekeshaji wa rangi usoni aliyetokana na mhusika wa Marekani, aliyekuwa hewani kwenye vituo vya Silvio Santos tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hadi 1991. Watu kadhaa walivaa nguo za Bozo kwa nyakati tofauti. Mmoja wao, Arlindo Barreto, ndiye aliyekuwa chanzo cha filamu ya mwaka 2017, Bingo: O Rei das Manhãs, ambayo haifai kabisa watoto. Bozo ndiye aliyewazoeza watoto wa SBT kupiga simu studio na kucheza wakiwa hewani. Ikumbuke hiyo, tutairudia.

Kulikuwa pia na kituo cha Manchete, kilichoanza 1983. Humo ndimo Xuxa alipoendesha kipindi chake cha kwanza cha watoto kabla ya kuhamia Globo. Xou da Xuxa ilianza tarehe 30 Juni 1986 na kwisha mwishoni mwa 1992. Xuxa alishuka kutoka chombo cha anga cha rangi ya waridi, akazungukwa na umati wa watoto wanaopiga kelele, akaimba, na katikati ya nyimbo katuni zikaonyeshwa. Kila mtangazaji wa watoto aliyefuata alipimwa kwa kipimo chake.

Kwa hiyo angalia tarehe. Xuxa anaondoka asubuhi za Globo Desemba 1992. Miezi saba baadaye, SBT inafungua Bom Dia & Cia.

Eliana alileta nini kipya?

Alileta utulivu. Eliana alikuwa na miaka 20 alipofungua kipindi hicho, akitokea kwenye vikundi vya muziki vya wasichana na kipindi kifupi cha watoto hapohapo SBT. Hakuwa na umati studio. Aliongea na kamera kana kwamba anaongea na mtoto mmoja aliyekaa sakafuni na kikombe cha maziwa. Alikuwa na kikaragosi mwenzake, Melocoton, na alifundisha kutengeneza vitu kwa karatasi, gundi na makopo yaliyotumika. Wimbo wake wa vidole, Os Dedinhos, uliimbwa katika shule za chekechea nchi nzima na bado unaimbwa.

Mimi namhesabu Eliana kuwa sababu ya kwanza ya kipindi kudumu. Jukwaa la kelele linahitaji fedha na nguvu ya nyota mmoja, na nyota akichoka jukwaa linazimika. Kipindi kinachoongea na mtoto mmoja kinaweza kubadilisha mtangazaji kikaendelea. Na ndivyo ilivyokuwa.

Kwa nini Eliana aliondoka?

Mwaka 1998 alihamia kituo cha Record, kilichotaka kuingia kwenye vita vya asubuhi. Mwaka uliofuata, Mei 1999, Record ilianza kuonyesha Pokémon ndani ya kipindi chake kipya, na mafanikio yake yakawa makubwa mno. Kwa SBT lilikuwa pigo mara mbili: mtangazaji kaondoka, na huko alikokwenda kakutana na katuni iliyowateka watoto wa dunia nzima.

Nafasi yake ilichukuliwa na Jackeline Petkovic, aliyekuwa mmoja wa waendeshaji wa Fantasia, mchezo wa SBT wa simu na zawadi. Alikaa hadi 2003. Kizazi kizima kinamwita Jackeline dada yao wa asubuhi, ingawa wanaoandika historia ya televisheni humruka haraka wakitoka kwa Eliana kwenda kwa Yudi, mtoto aliyekiendesha kuanzia 2005. Hawamtendei haki. Alishika kipindi katika miaka migumu kuliko yote ya ushindani, Globo ikiwa imeanzisha TV Globinho mwaka 2000 na kuijaza Digimon na, baadaye, Dragon Ball Z.

Ni katuni zipi zilizoonyeshwa?

Orodha kamili ingejaza kitabu, maana SBT ilijulikana kwa kupangua ratiba bila taarifa. Katuni iliyoanza Jumatatu iliweza kupotea Alhamisi na kurudi mwaka uliofuata.

Nguzo za muda mrefu zilitoka Marekani: Tom na Jerry, kundi la Looney Tunes, na baadaye mashujaa wa kampuni ya Warner kama Liga da Justiça na Jovens Titãs. Woody Woodpecker, ambaye Wabrazili humwita Pica-Pau, alikuwa mali ya SBT kwa miaka mingi kabla ya kwenda Record. Wabrazili wanampenda ndege huyo kuliko Wamarekani wenyewe wanavyompenda. Hadi leo vipande vya vichekesho vyake hutumwa kwenye simu za watu wazima kila siku.

Kisha kuna katuni ambazo kwao zilisahaulika na Brazil zikawa hazina. Mfano mzuri ni Cavalo de Fogo, iliyotengenezwa na Hanna-Barbera mwaka 1986 kwa jina la Wildfire. Ni vipindi 13 tu kuhusu binti wa kifalme aliyelelewa mbali na ulimwengu wake na farasi wa ajabu anayemrudisha huko. Marekani ilipita kama upepo. SBT iliirudia tena na tena kwa miaka, na leo ukianza kuimba wimbo wake wa ufunguzi mbele ya wanawake wa Kibrazili wenye miaka arobaini, watakumalizia.

Kutoka Japani, Naruto iliingia SBT mwaka 2007, ikiwa imepunguzwa damu na mapigano ili ifae saa za watoto. Mashabiki walilalamika sana. Hata hivyo, kwa mtoto asiye na televisheni ya kulipia wala kompyuta, hiyo iliyokatwakatwa ndiyo Naruto aliyoipata, na aliipenda.

Caverna do Dragão ilionyeshwa hapo pia?

Watu wengi huichanganya. Hiyo ilikuwa ya Globo, na umaarufu wake ulianza ndani ya Xou da Xuxa. Naitaja kwa sababu hakuna mazungumzo ya katuni Brazil yanayopita bila hiyo. Ni Dungeons & Dragons ya Marekani, vipindi 27 vilivyotengenezwa kati ya 1983 na 1985, kuhusu vijana sita walionaswa katika ulimwengu mwingine wakitafuta njia ya kurudi nyumbani. Ilifutwa kabla hawajarudi. Andiko la kipindi cha mwisho, Requiem, liliandikwa na Michael Reaves lakini halikuchorwa. Watoto wa Brazil wakajitungia mwisho wao: kwamba vijana wale walikuwa wamekufa zamani na pale ni jehanamu. Uvumi huo ulisambaa kwa mdomo shuleni miaka mingi kabla ya intaneti. Mwaka 2019 kampuni ya magari ya Renault ilitengeneza tangazo lenye waigizaji halisi wakiwarudisha vijana nyumbani, na watu wazima wakalia machozi mbele ya tangazo la gari.

Katuni zote hizi zilikuwa kwa Kireno?

Zote, na hapa ndipo Brazil ilipofanya kazi ambayo naiheshimu kuliko nyingine yoyote katika historia hii. Katuni ya kigeni haikuwekewa maandishi chini. Ilitiwa sauti upya na waigizaji wa Kibrazili, na wahusika wengi wakapewa majina mapya na utani wa mtaani. Mtoto asiyejua kusoma alielewa kila neno.

Rio de Janeiro ilikuwa na studio ya Herbert Richers, na tangazo la “Versão brasileira, Herbert Richers” lililosikika mwanzoni mwa filamu na katuni limekaa masikioni mwa nchi nzima. Richers alifariki 2009. São Paulo ilikuwa na studio zake pia, na SBT katika miaka yake ya mwanzo ilitiliwa sauti katika studio zake yenyewe na kundi la Marcelo Gastaldi. Huyu ndiye sauti ya Chaves, kijana wa kwenye pipa katika mfululizo wa Meksiko ulioonyeshwa SBT tangu Agosti 1984. Gastaldi alifariki 1995, na bado sauti yake iliendelea kusikika karibu kila siku kwa robo karne.

Orlando Drummond alimpa Scooby-Doo sauti kwa zaidi ya miaka 35 na akaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kazi hiyo. Ndiye pia aliyekuwa sauti ya Vingador, adui mwenye pembe moja wa Caverna do Dragão. Mbwa mwoga na mchawi mkatili walitoka koo moja. Alifariki Julai 2021 akiwa na miaka 101. Wendel Bezerra ni sauti ya Goku, shujaa wa Dragon Ball, na pia ya SpongeBob, na Wabrazili humsimamisha barabarani wakimwomba aseme neno kwa sauti zote mbili.

Namba 4002-8922 ilikuwa ya nini?

Ilikuwa namba ya simu ya kipindi. Muulize Mbrazili aliyezaliwa mwaka 1998 namba ya simu ya mama yake, huenda akasita. Hii hatasita.

Mwaka 2005 SBT ilikabidhi kipindi kwa Yudi Tamashiro, kijana wa asili ya Kijapani mwenye miaka kumi na mitatu hivi, na Priscilla Alcantara, aliyekuwa na miaka tisa. Hawakuwa watoto wa kwanza kukiendesha, lakini ndio walioacha alama. Kama enzi za Bozo, mtoto alipiga simu ya mezani, akangoja, akapata bahati ya kuingia hewani, gurudumu likazungushwa na zawadi ikatoka. Zawadi ambayo kila mtu aliitaka ilikuwa PlayStation, mashine ya michezo ya video, na Yudi alilitamka jina hilo kwa kupiga kelele akirefusha sauti mpaka pumzi imwishie. Kelele hiyo ikawa utani wa taifa. Ukatungwa wimbo wa funk kwa namba ileile.

Wako wanaoudharau mchezo huo kuwa kamari ya watoto. Nawaelewa, maana simu zilitozwa na wazazi ndio waliolipa. Lakini nafikiri wanasahau PlayStation ilikuwa kitu gani Brazil ya wakati ule. Kodi ya vifaa vya michezo ilifanya bei yake iwe nje ya uwezo wa familia ya kawaida. Kwa watoto wengi, gurudumu la Yudi ndilo lililokuwa njia pekee waliyoweza hata kuiota.

Ilikuwa halali watoto kufanya kazi ya utangazaji?

Katiba ya Brazil inakataza kazi kwa walio chini ya miaka 16, isipokuwa uanagenzi kuanzia miaka 14. Kwa sanaa, jaji anaweza kutoa kibali maalumu. Watoto wa SBT walifanya kazi kwa vibali hivyo, na mara mbili suala lilichemka.

La kwanza lilimhusu Maisa Silva. Alizaliwa 2002, akaingia SBT akiwa na miaka mitano, akaendesha Sábado Animado, ndugu wa Jumamosi wa kipindi chetu, kabla ya kuonekana pia kwenye Bom Dia & Cia. Alikuwa na ulimi mwepesi wa ajabu. Mei 2009, katika kipindi cha Jumapili cha Silvio Santos mwenyewe, alitishwa na mtoto aliyepakwa rangi za kutisha, akalia na kukimbia, huku watu wazima wakicheka. Nchi ilikasirika. Waendesha mashtaka wa serikali waliingilia kati na akazuiwa kuendelea na sehemu ile. Nimeitazama picha ile na sioni cha kuchekesha hata kidogo. Watu wazima wote waliokuwa pale walipaswa kuinuka.

La pili lilikuja 2015, kipindi kilipokuwa mikononi mwa watoto wengine, akiwamo Matheus Ueta aliyejulikana kama Kokimoto wa tamthilia ya Carrossel. Mahakama iliwazuia watoto kukiendesha. Silvia Abravanel, binti wa Silvio Santos aliyekuwa akikisimamia nyuma ya kamera, akakaa mbele ya kamera mwenyewe. Alibaki hapo hadi siku ya mwisho.

Mbona katuni za Brazil yenyewe zilikuwa chache?

Kwa sababu ya bei. Dakika moja ya katuni mpya inagharimu mara nyingi zaidi ya kukodi ya Marekani iliyokwisha kujilipia kwao. Brazil haikukosa wachoraji. Mauricio de Sousa alianza kuchora kwa ajili ya gazeti mwaka 1959, Mônica wake alizaliwa 1963, na magazeti yake ya vichekesho yaliuzwa kila kona. Kilichokosekana ni kituo cha bure kilicho tayari kulipia mfululizo mzima.

Mambo yalibadilika serikali ilipoingia. Mfuko wa kugharamia filamu na televisheni ulianzishwa 2006, na sheria ya 2011 ikazitaka chaneli za kulipia zionyeshe saa kadhaa za kazi za Kibrazili kila wiki. Peixonauta ilianza 2009, O Show da Luna! na Irmão do Jorel mwaka 2014. Ni kazi bora, na zimeuzwa nje. Ila tazama zilikoanzia: kwenye chaneli za kulipia. Brazil ilipopata katuni zake, mtoto wa nyumba isiyo na king'amuzi cha kulipia hakuwa wa kwanza kuziona.

Je, ni kweli kwamba sheria ya matangazo ndiyo iliyoua vipindi vya watoto?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi, na jibu la mkato ni: ilichangia, lakini haikuwa peke yake na haikuwa ya kwanza.

Vipindi vya asubuhi viliishi kwa matangazo ya wanasesere, biskuti, viatu vyenye taa na madaftari. Kwa miongo mingi matangazo yalimwambia mtoto moja kwa moja: mwambie mama akununulie. Mwaka 2006 chombo cha kujidhibiti cha watangazaji wa biashara, CONAR, kilikaza kanuni zake dhidi ya lugha hiyo ya kuamrisha. Tarehe 13 Machi 2014 baraza la taifa la haki za watoto, CONANDA, likatoa azimio namba 163 linaloyahesabu matangazo yanayomlenga mtoto kwa nia ya kumshawishi anunue kuwa ni unyonyaji. Machi 2016 mahakama ya STJ ikatoa hukumu dhidi ya kampuni ya biskuti ya Bauducco kwa kampeni ya 2007 iliyotaka watoto wakusanye pakiti tano na kuongeza reali 5 ili wapate saa ya Shrek. Baada ya hapo kampuni nyingi hazikutaka tena kujaribu bahati.

Sasa rudi nyuma, uangalie Globo. Gloob, chaneli ya watoto ya kulipia ya kundi hilohilo, ilifunguliwa tarehe 15 Juni 2012. Siku kumi baadaye, tarehe 25 Juni, kipindi cha mazungumzo cha Fátima Bernardes kilichukua nafasi ya TV Globinho asubuhi za siku za kazi. TV Globinho ikabanwa Jumamosi, na mwaka 2015 ikaondolewa hata huko. Azimio la CONANDA lilikuwa bado miaka miwili mbele wakati uamuzi mkubwa ulipofanywa. Watu wazima wanaotazama asubuhi hununuliwa matangazo ya benki, dawa na maduka makubwa, na hayo hulipa vizuri zaidi. Watoto wakaelekezwa kwenye king'amuzi.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaowalaumu watetezi wa haki za watoto. Ubaya wa matangazo yale ulikuwa wa kweli. Kosa lilikuwa kuyaondoa bila mtu yeyote, serikali au kituo, kukubali kulipia kile yalichokuwa yakikilipia. Televisheni ya kulipia ilipofikia kilele chake, karibu 2014, ilikuwa na wateja takriban milioni 20 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 200.

SBT ndiyo iliyovumilia kuliko wote. Ilibaki na katuni za asubuhi karibu miaka kumi baada ya Globo kuziacha, na kati ya 2015 na 2018 ilionyesha pia saa za Disney. Chochote mtu atakachosema juu ya Silvio Santos, na mengi yanaweza kusemwa, hilo limeandikwa kwa jina lake.

Au pengine watoto wenyewe waliacha kutazama?

Sikubali. Mei 2012, mwezi mmoja kabla ya TV Globinho kuondolewa, SBT ilianza Carrossel, tamthilia ya watoto wa darasa moja, Maisa akiwa mmoja wao. Iliwaweka watoto, na wazazi wao, mbele ya televisheni ya bure kila usiku, ikafuatwa na nyingine za aina hiyo.

Watoto walienda walikopewa kitu. Mwaka 2006 Juliano Prado na Marcos Luporini waliweka YouTube video ya kuku wa bluu anayeimba, ili tu watayarishaji waweze kuiona. Kuku huyo, Galinha Pintadinha, leo anajulikana na kila mzazi wa Brazil. Simu ya mkononi ilichukua mtoto aliyekuwa tayari ameachwa mlangoni. Na humo kwenye simu, matangazo yaliyofukuzwa televisheni yalimkuta akiwa peke yake.

Watangazaji wako wapi siku hizi?

Eliana alirudi SBT mwaka 2009 kama mtangazaji wa Jumapili, na 2024 akahamia kundi la Globo. Maisa ni mwigizaji. Priscilla aliimba nyimbo za injili kwa miaka mingi, akageukia pop, na mwaka 2021 akashinda msimu wa kwanza wa The Masked Singer Brasil akiwa amejificha ndani ya vazi la farasi mwenye pembe. Yudi bado anaombwa apige kelele ya PlayStation, na bado anaipiga.

Mtoto wa Brazil asiye na king'amuzi cha kulipia anaweza bado kuona katuni kwenye televisheni?

Anaweza, ikiwa anajua pa kutafuta. TV Cultura, ya mfuko wa Padre Anchieta wa São Paulo, iliyotengeneza Castelo Rá-Tim-Bum mwaka 1994, haikuwahi kuwaacha watoto. TV Brasil, kituo cha umma kilichofunguliwa Desemba 2007, nayo ina saa zake za katuni, nyingi zikiwa za Kibrazili. SBT iliendelea na Sábado Animado siku za Jumamosi hata baada ya Bom Dia & Cia kufungwa. Ni vituo vyenye fedha kidogo, na kwa TV Cultura na TV Brasil bajeti hupanda na kushuka kulingana na nani yuko madarakani. Anayeikumbuka Bom Dia & Cia kwa mapenzi na ana mtoto nyumbani, aanzie kwenye vituo hivyo viwili.